Kuku wa Miguu Mitatu

Ukifika Songea ukaona kitambaa cha kochi kimedariziwa kuku mwekundu mwenye miguu mitatu, halafu muuzaji akaanza kukupigia hadithi za mizimu ya Wangoni, mwambie aache uongo. Mwambie Hilda wa Msamala amesema. Vitambaa vile nimevitembeza kwa mikono yangu hii miaka minne, sokoni na stendi, kuku yule namjua alikotokea, na aliyemchora hakuwa mzee wa ukoo wala mganga. Alikuwa mtoto wa miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, kamasi hazimkauki, jina lake Joachim.

Sasa nisikimbilie kwa mtoto. Habari hii ni ya mama yake, Kunegunda.

Kunegunda ni mzaliwa wa Madaba, huko kwenye baridi na mahindi. Akiwa msichana alikaa na masista miaka miwili, wakamfundisha kudarizi: maua ya waridi, zabibu, njiwa wawili wanaotazamana, yale mambo ambayo karibu kila nyumba ya Mkatoliki hapa mjini utayakuta yametandikwa mezani na migongoni mwa makochi. Ukipishana naye barabarani humwoni. Mfupi, mkimya, kanga kajitanda mpaka masikioni hata jua likiwa kali. Tukikaa wawili, mimi ndiye ninayeongea ya kwangu na ya kwake. Lakini mpe marekani na sindano uone! Kitambaa chake ukikigeuza nyuma ni kisafi kama mbele. Sisi wengine ukigeuza ni mafundo matupu na nyuzi zinazoning'inia, ndiyo maana mteja wangu akitaka kugeuza huwa namchekesha kidogo nikakivuta.

Aliolewa na Amedeus, mwanaume wa kubeba magunia kwenye maghala ya mahindi, wakahamia Msamala, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtoto hakuja. Miaka saba, hakuja. Mawifi walisema wee mpaka wakachoka wenyewe. Mwaka wa nane akaja Joachim, na mtaa mzima tukapiga vigelegele kana kwamba tumezaa sisi.

Mama wa ubatizo akawa Epifania, jirani yao ukuta kwa ukuta. Epifania nitamsema sana leo, kwa hiyo nianze kwa kumpa haki yake. Ni mkubwa wetu kwa umri, ana kauli, ana mipango. Msibani yeye ndiye anayesema nani asonge ugali na nani achote maji, na watu wanakwenda. Mtoto yule alimpenda. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ikawa inakaribia kuburuza chini, na kila Pasaka alimshonea shati. Nasema hivi ili usidhani tulikuwa tunaishi na nyoka. Angekuwa nyoka tungemjua mapema.

Joachim alikuwa mtoto wa kuchora. Ukuta wa jikoni kwa mama yake, ule wa udongo uliosiribwa vizuri, aliujaza picha za mkaa kutoka chini mpaka pale mkono wake ulipofika. Siku ya kwanza Kunegunda alimchapa. Siku ya pili akamuuliza, "Huyu kuku mbona ana miguu mitatu?"

"Huo wa tatu wa kupumzikia," mtoto akajibu. "Akichoka."

Tangu siku hiyo hakumchapa tena. Kulikuwa na muhindi wenye macho, eti uwaone ngedere wakija. Kulikuwa na baba yake, mikono mikubwa kuliko mwili mzima. Kulikuwa na jua limelala ndani ya ungo, kwa sababu masika mama yake alikuwa analalamika nguo hazikauki, basi mwenzenu akaliweka jua akiba. Tulikuwa tunacheka mpaka tunakaa chini. Mimi nikamwambia, "Baba, na mimi nichore." Akanichora mdomo. Mdomo mkubwa, na miguu miwili chini yake, basi. Mtoto mshenzi yule, lakini alinipata.

Alikuwa darasa la kwanza alipougua. Jumatatu homa, Jumanne hospitali, Alhamisi tukamzika. Sitaki kuongeza hapo.

Baada ya matanga Amedeus hakuweza kuingia jikoni. Chakula alikuwa anapelekewa nje, anakula amegeuzia nyumba mgongo. Siku moja akarudi na mfuko wa chokaa na brashi. Hakugomba, alisema tu, "Mama Joachim, nisaidie. Ule ukuta unaniua." Kunegunda akamwomba siku moja. Siku moja tu, halafu afanye anavyotaka.

Asubuhi yake akatuita mimi na Epifania. Alikuwa amekata marekani vipande kumi na kimoja, idadi ya zile picha. Mimi nilichota maji nikaloweka vipande na kuvikamua, Epifania akashika pembe za juu na kukibana kila kipande ukutani, na Kunegunda akasugua kwa mgongo wa kijiko, taratibu, mpaka mkaa ukahamia kwenye kitambaa. Masista walikuwa wamemfundisha kuhamisha ua namna hiyo, kutoka kwenye karatasi. Tulifanya kazi tangu saa mbili hadi saa saba mchana bila kula, machozi yanatudondoka na hakuna anayemnyamazisha mwenzake. Picha zote zilitoka zimegeuka. Kuku aliyekuwa anatazama mlangoni sasa anatazama mafigani. Epifania akasema tumgeuze tena, tumchore upya. Kunegunda akakataa. "Mstari wake msiuguse," akasema. Jioni Amedeus akapaka chokaa.

Nimeeleza hayo yote ili ujue nani alikuwepo. Tulikuwepo watatu.

Miaka miwili Kunegunda alidarizi zile picha peke yake, juu ya mstari wa mkaa, uzi mwekundu, wa njano, wa kijani cha mgomba. Hakuuza. Alitundika chumbani. Baadaye tulipoanzisha kikundi chetu cha kudarizi, wanawake wanane barazani kwa Epifania, yeye Epifania mwenyekiti kama kawaida yake, waridi zetu zilikuwa haziuziki. Kila mtu Songea ana waridi. Epifania ndiye aliyemshawishi azitoe. Akamwambia, na kwa wakati ule naamini alisema kwa moyo, "Mwanetu amejificha chumbani mpaka lini? Watu wamwone."

Kunegunda akafikiri wiki nzima. Akaja na vitambaa kifuani, akavitandaza barazani, akasema tunaweza kunakili. Hakutaka chochote cha ziada, mgawo wake uwe sawa na wetu. Sharti lake lilikuwa moja: anayeuza aseme ni picha za Joachim. Akiulizwa au asipoulizwa, aseme. Wote wanane tukakubali, na Epifania akatusalisha Salamu Maria moja ya kufungia.

Mama yangu! Vikaenda kama maandazi ya moto. Walimu waliohamia kutoka mikoa mingine, madereva wa malori, maharusi. Mimi ndiye niliyekuwa muuzaji kwa sababu mdomo ninao. Nilikuwa nasema, "Hizi ni picha za Joachim," na mteja anauliza, "Joachim fundi wenu? Yuko wapi nimpe oda ya mapazia?" Namjibu, "Hayupo, ametangulia." Wengine walidhani ametangulia Njombe. Nikimsimulia Kunegunda anacheka kwa kujifunika kanga, na kumfanya Kunegunda acheke si kazi ndogo. Jioni nikirudi hakuniuliza nimeuza vingapi. Aliuliza, "Leo umemtaja mara ngapi?" Nami hutia chumvi. Kama nimemtaja mara nne, nasema tisa. Anatingisha kichwa, anaendelea kushona. Mtoto hakuacha ndugu, mdogo wala mkubwa, hana kaburi la saruji, ana vile vitambaa na midomo yetu.

Ndipo akaja Pamela.

Pamela ni mwanamke wa Dar es Salaam, ana duka la vitu vya kupambia nyumba. Mstaarabu, shikamoo yake ya magoti kabisa, simsingizii lolote. Mtu alimwonyesha kitambaa chetu kwenye simu, akapanda basi mpaka huku. Siku aliyofika Kunegunda alikuwa Madaba kwenye msiba wa mjomba wake. Tulikuwa saba barazani. Pamela akashika kile cha kuku, akakipapasa, akauliza, "Mama zangu, hii michoro ni ya asili? Ina maana gani? Wateja wangu wanapenda kitu chenye historia."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme la Joachim. Haki ya Mungu nilikuwa nimeufungua. Epifania akanitangulia.

"Ni ya asili kabisa," akasema. "Bibi yangu wa Maposeni alikuwa anaichora kwenye kuta za nyumba. Naye aliikuta kwa bibi yake."

Jamani, sijui ile hadithi aliitoa wapi, na ilitoka bila kukwama! Kwamba mguu wa kwanza wa kuku ni ukoo wa baba, wa pili ukoo wa mama, wa tatu ni mizimu inayowashikilia wote. Kwamba jua kwenye ungo ni baraka ya mavuno. Yule Pamela anaandika, anaandika, macho yanamng'aa. Kabla hajaondoka alikuwa ameagiza vitambaa vingi kuliko tulivyouza mwaka mzima, na akaacha nusu ya malipo mezani.

Alipoondoka tukabaki tunatazamana. Mwenzetu mmoja akaguna. Epifania akakunja mikono. "Mnanitolea macho ya nini? Mlitaka nimwambie nini, kwamba tunauza msiba? Nani atatandika kochi lake na kilio cha mtu? Huyu akija tena tutamweleza polepole. Na Kunegunda kwa sasa msimtie presha." Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakusema Mama Joachim. Miaka yote hiyo, hata baada ya mazishi, hakuna aliyemwita jina lingine.

Tukala njama. Ndiyo, tukala, niseme nini? Mimi nilikuwa na nyumba nusu mabati nusu turubai, na ilibaki miezi miwili tu mvua zianze. Kila mwenzangu alikuwa na lake. Kunegunda aliporudi kutoka Madaba tukamwambia tumepata oda kubwa ya Dar, akauliza kitu kimoja tu: "Mmemwambia?" Epifania akamjibu, "Tumemweleza kila kitu, dada." Akafurahi. Akashona kwa wiki tano kuliko sisi sote, vidole vikavimba. 

Pamela alirudi mwenyewe kuchukua mzigo. Safari hii Kunegunda alikuwepo, tena amevaa gauni lake la kanisani. Tulikaa wote wanane barazani, chai na maandazi, na yule dada akatoa begi akaanza kutuonyesha kadi ndogo za kaki, kila moja na kiuzi chake, za kufungwa kwenye vitambaa. Alizichapisha vizuri sana. "Ngoja niwasomee," akasema, "kama kuna kosa mnirekebishe."

Akasoma. "Kuku wa miguu mitatu. Mchoro wa kale wa Wangoni, uliotunzwa na ukoo wa Mama Epifania wa Maposeni." Akasoma ule ukoo wa baba, ukoo wa mama, mizimu. Akasoma ungo. Akashika ile picha ya mdomo wenye miguu, akasoma, "Mjumbe wa chifu." Mimi nimekaa palepale, nimegeuzwa mjumbe wa chifu.

Kunegunda alisikiliza mpaka kadi ya mwisho. Sindano ilikuwa mkononi na uzi wa njano umetungwa. Akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi watu waache kutafuna.

"Huyo kuku ni wa mwanangu," akasema. "Alimchora mwanangu Joachim, ukutani kwangu. Mguu wa tatu ni wa kupumzikia."

Pamela akashtuka, akatutazama. Epifania hakushtuka. Akainuka polepole, akamshika Kunegunda mabega kwa mikono miwili, vile anavyowashika wafiwa, na akazungumza kwa sauti ya huruma, ile sauti yake ya msibani.

"Utusamehe, dada Pamela. Mwenzetu huyu alifiwa na mtoto wake wa pekee. Tangu hapo kichwa chake hakijakaa sawa. Kila anachokiona kwake ni cha mtoto. Sisi tumeshamzoea."

Nimeishi miaka hamsini na tatu. Nimetukanwa, nimeibiwa, mume aliniacha na mimba. Sijawahi kusikia neno baya kama lile, na lilisemwa kwa upole. Mwanamke aliyemfuta mtoto yule kamasi, aliyebana marekani ukutani machozi yanamtoka, anachukua msiba wa mwenzake anautumia kumziba mdomo! Kunegunda hakujitoa mikononi mwake. Alimgeukia akamtazama kwa karibu kabisa, kama anayesoma maandishi madogo.

Pamela si mjinga. "Pole sana, mama," akasema, halafu akaweka kadi chini. "Lakini niambieni ukweli, maana mimi naandika jina la mtu pale. Kuna mwingine anayejua habari ya michoro hii?"

  Bodaboda ilipita, mwenzetu akakohoa. Wale watano wengine waliambiwa tu habari ya ukuta, hawakuiona. Aliyechota maji nilikuwa mimi. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi: nilikuwepo, nilikamua vile vitambaa kwa mikono hii. Nikaona mabati yangu. Nikaona turubai linavyopiga kelele mvua ikinyesha na sisi tunahamisha vitanda. Nikainamia kitambaa changu nikaanza kushona, na sikuwa nimetunga hata uzi.

Kunegunda akauzungusha uzi wake kwenye sindano, akaichomeka kwenye kola ya gauni, akachukua kiti chake alichotoka nacho nyumbani, akaenda. 

Sijui Pamela alifikiri nini. Mwisho alipakia mzigo na kadi zake. Malipo yalikamilika. Nikaezeka nyumba.

Kikundini Kunegunda hakurudi. Amedeus alikuja siku moja, mwanaume mkubwa yule, akasimama barazani, akatazama viatu vyake, akasema, "Ningejua nisingepaka ile chokaa." Kisha akaondoka. Kanisani Kunegunda akahamia benchi za upande wa pili. Tulisikia anashona waridi tena, waridi na njiwa, anamuuzia yeyote apitaye kwake. Nikikutana naye dukani ananisalimia vizuri, "Hujambo, Hilda," na mimi, "Sijambo, dada," basi, kila mtu na mkate wake.

Mimi nikaendelea kuuza na kadi za kaki. Ukoo wa baba, ukoo wa mama. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito, kufika wiki ya tatu ukalainika. Halafu siku moja stendi akaja dereva wa lori, mteja wangu wa zamani aliyekuwa akinunua kila safari kwa ajili ya mama yake. Akachagua kitambaa, akacheka, akaniuliza, "Eti, Joachim hajambo?"

Nikamwambia, "Joachim gani?"

Alinishangaa, akalipa, akaenda. Nilikaa juu ya mzigo wangu mpaka jua likanipata. Siku hiyo sikuuza kingine.

Ungedhani hapo ningekwenda kwa Kunegunda kumpigia magoti. Sikwenda. Aibu ina miguu ya kukukimbiza, haina ya kukurudisha. Nilikwenda baadaye, tena kwa kupelekwa na Epifania, kwa ajili ya biashara. Kumbuka nimekwambia.

Ni hivi: Pamela alipiga simu kwamba wateja wamezoea zile kumi na moja, anataka michoro mipya sita ya bibi wa Maposeni. Epifania akasema haina shida. Akajifungia na penseli. Akachora kuku wa miguu minne, akachora ng'ombe mwenye mabawa, vyote akavipiga picha akavituma. Pamela akajibu kwa adabu kwamba hizi hazifanani na za bibi. Sisi wengine tukajaribu. Unacheka nini, jaribu wewe! Mtu mzima akichora vibaya inakuwa mbaya tu. Mkono wa mtoto hauigiki, na aliyekuwa nao yuko makaburini. Ndipo Epifania akakumbuka daftari. Joachim alikuwa na daftari la darasa la kwanza, kurasa tatu za hesabu, zilizobaki zote picha.

Akanichukua mimi nimsindikize. Tukamkuta Kunegunda uani, amekaa kwenye kigoda, anadarizi njiwa. Hakutukaribisha, hakutufukuza. Epifania akavuta ndoo akaigeuza, akakaa.

"Mama Joachim," akasema.

Kunegunda akainua macho aliposikia jina lile, kisha akayarudisha kwenye njiwa.

"Mama Joachim, yaliyopita yamepita. Nilikosea namna ya kusema. Sasa yule dada anataka picha nyingine, na mimi nimesema tuje kwako, kwa mwenyewe. Lile daftari lake bado lipo?"

"Lipo."

"Basi tukae tuliangalie pamoja, kama zamani. Na jina lake safari hii tutaliweka. Hata kama ni dogo, pembeni."

Kunegunda akakata uzi kwa meno. "Pembeni," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Mimi si mtu baki. Nilimbeba mgongoni yule."

"Ulimbeba," Kunegunda akasema. "Ndiyo maana."

Epifania akaanza kulia. Na yalikuwa machozi kweli, namjua. Kunegunda akamwacha alie, akatunga uzi mwingine, akafunga fundo, na alipomaliza akamwambia bila kupandisha sauti hata kidogo:

"Mwenye kuchora si bibi yako? Nenda Maposeni, kaburini kwake. Mwambie achore."

Epifania akafuta machozi. Halafu akainuka, akakung'uta kanga, akapita mlango wa ua bila kuniangalia. Nikabaki mimi, nimesimama katikati ya ua na mfuko wa nyuzi kwapani kama mgeni aliyepotea njia.

Nilijua ni zamu yangu kusema. Nikatafuta neno la kumpoza, na katika maneno yote niliyonayo, mimi mwenye mdomo wa kuuzia stendi, nikaokota lile.

"Dada, lakini mimi siku ile sikukusema vibaya," nikasema. "Mimi sikusema kitu kabisa."

Akaacha kushona. Akanitazama kwa muda mrefu, hana hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Najua," akasema. "Yule dada alipouliza nani mwingine anayejua, Epifania sikumwangalia hata. Nilikuwa nakuangalia wewe."